Valsi ya Mama Emérita na Jibini la Kilo Tatu

Kwa heshima na taadhima tunawatangazia wakuu wa serikali, machifu wa kimila, viongozi wa makanisa yote na waendesha pikipiki wa Masisi nzima kwamba mwaka huu, mwezi wa saba, juu ya kilima kimoja kisichozidi mwendo wa saa moja kutoka Masisi-Centre, imechezwa valsi ya kwanza katika historia ya kilima hicho. Valsi ni dansi ya watu wakubwa. Huchezwa wawili wawili, kwa kuzunguka, katika kumbi zenye sakafu inayong'aa, na wanaume waliovaa glavu nyeupe.

Hii ilichezwa na mama mmoja aliyevaa buti za plastiki, akiwa amekumbatia jibini.

Jina lake ni Emérita. Ana miaka hamsini kasoro kidogo, mteremko mmoja wa maharagwe, ng'ombe wanne, na kibanda cha mbao ambamo hutengeneza yale majibini ya duara yanayopelekwa Goma barabara inapokuwa wazi. Ana mabinti wawili. Mkubwa, Umwali, ndiye aliyekuwa anaolewa. Mdogo, Shekinah, anasoma katika shule ya bweni ya masista; ni msichana mrefu, mwenye akili nyingi, mpole, na mwenye tabia njema isiyo na mfano. Mume hayupo. Papa Nsengimana alifariki miaka mitatu iliyopita, na kiti chake kikubwa cha mbao bado kiko sebuleni. Hakuna anayekikalia isipokuwa mdogo wake, Papa Straton, ambaye hukikalia kila anapokuja.

Mambo yalianza na karatasi.

Bwana arusi, Benoît, anakaa Pinga, kule Walikale, ambako baba yake ana duka la sabuni na mafuta ya mawese. Umwali na Benoît walipanga programu ya arusi kwa simu, jambo baada ya jambo, kila mtandao uliporudi. Umwali akaiandika kwa mkono. Shekinah, aliyekuwa nyumbani kwa likizo kubwa, akatumwa kuipeleka kwa yule sekretari wa kando ya barabara mwenye kompyuta na jenereta, akarudi na nakala kumi zilizopigwa chapa vizuri. Tano zikapanda pikipiki kwenda Pinga. Tano zikabaki.

"Ya saba," Umwali alimsomea mama yake, "ufunguzi wa dansi. Valsi ya wazazi, kila mama na kavalie wake."

"Valsi njo nini?"

"Ile dansi ya kuzunguka. Ya Bazungu ba zamani."

"Nani aliomba hiyo?"

Umwali aliigeuza karatasi kana kwamba jibu lilikuwa nyuma. "Sijue. Mimi na Benoît hatukuisema. Labda ni papa yake. Beko bantu ba biashara, beko na mambo mingi."

"Na kavalie?"

"Mwanaume mwenye kucheza na wewe."

Mama Emérita alikuwa akikamua kitambaa cha maziwa. Aliendelea kukikamua hata maji yalipokuwa yamekwisha.

"Wanatupima," alisema mwishoni. "Bameandika hivyo juu waone kama siye ni bantu ba mashamba tu."

"Basi waulize," alisema Mukasine, jirani ambaye humsaidia kazi za jibini siku za soko.

"Nikiuliza, nitakuwa nimeshajibu."

Hata hivyo Umwali alijaribu. Siku chache baadaye, jioni, alipanda mpaka penye mtandao, karibu na mti wa mkaratusi uliokatwa, akampigia Benoît. "Sheri, papa yako anapendaka valsi?"

"Papa? Eh. Siku hizi hafanye kitu kingine," alisema Benoît, na mtandao ukakatika.

Basi ikawa imethibitishwa. Shekinah alikuwepo, akasikia yote, na hakusema kitu, kwa sababu kama tulivyoeleza ni mtoto mpole.

Jumapili, baada ya misa, Papa Straton alikuja. Alikaa katika kile kiti, akanyoosha miguu, akaomba maziwa ya mgando, akayanywa, akaomba mengine. Kisha akaitoa karatasi mfukoni.

"Mama Umwali, nimesoma. Namba saba iko wazi. Kila mama na kavalie wake. Wewe hauna. Basi kavalie ni mimi."

"Unajua valsi, Papa Straton?"

"Ni kuzunguka. Nani hajue kuzunguka?" Alipangusa masharubu. "Mwenye kufungua dansi, bakwe wanajua kama njo mwenye nyumba. Hawawezi kwenda Pinga kusema hii nyumba haina muntu."

"Iko na muntu. Yuko mbele yako."

"Nasema muntu wa kusimama." Akaonyesha kwa kidevu nje ya dirisha, juu, mahali ambapo maharagwe yalikuwa yameanza kukauka vizuri. "Kisha arusi, wakati kila muntu ameona, tutaongea juu ya ule mteremko. Pale ni majani ya ng'ombe tunapoteza."

Mara mbili msimu ule ng'ombe wake walikuwa tayari wameingia katika mteremko huo, na mara mbili Straton alisema mchungaji alilala. Mchungaji aliambiwa alilala. Alikuja mwenyewe kuomba radhi kwa usingizi ambao hakuupata. Sasa Straton hakutaka tena ng'ombe wake waingie kwa makosa. Alitaka waingie kwa haki, na haki hiyo alitaka kuichukua mbele ya watu mia tatu, muziki ukipigwa. Hivyo ndivyo mteremko mzima wa maharagwe ulivyotundikwa kwenye dansi ambayo hakuna aliyewahi kuiona.

"Nitacheza peke yangu," alisema Mama Emérita.

Straton alicheka hadi maziwa yakampalia. "Peke yako? Utakamata nini? Upepo?"

"Nitakamata kile nakamataka kila siku."

"Jembe?"

"Kunywa maziwa yako, shemeji. Yanapata joto."

Ilibidi ajifunze, na mwalimu alikuwa mmoja tu katika kilima kizima.

Kule kwa masista, wasichana hufundishwa valsi kwa ajili ya sikukuu ya shule. Wavulana hawaruhusiwi hata kukaribia ukuta, kwa hiyo wasichana wafupi hucheza kama wanawake na warefu hucheza kama wanaume. Shekinah ni mrefu tangu darasa la kwanza la sekondari. Kwa miaka minne mfululizo amekuwa mwanaume, na mwanaume mzuri, masista wenyewe wanasema. Alimfundisha mama yake kwa moyo wote kile alichokijua.

"Mguu wa kushoto, mbele. Wa kuume, kando. Funga. Kisha wa kuume, mbele. Daima mbele, Mama."

"Na yule mwingine?"

"Mwingine gani?"

"Wa kuchezana naye. Yeye anaenda wapi?"

"Yeye anarudi nyuma. Lakini wewe hauna mwingine, basi usijali."

Shida haikuwa kwenda mbele. Shida ilikuwa hesabu. Valsi ni tatu, na miguu ya Mama Emérita ilijua mbili na nne, kama miguu ya watu wote wenye akili. Moja, mbili, tatu, alihesabu Shekinah, na mama yake alifika tatu akasimama akingojea ya nne. Walijaribu nyuma ya nyumba siku tatu. Kuku walijifunza kabla yake.

Siku ya nne mvua ilinyesha, wakaingia katika nyumba ya jibini. Majibini kumi na mawili yalikuwa kwenye mbao, na majibini, kama hamjui, lazima yageuzwe kila siku, la sivyo yanaoza upande mmoja na kulegea upande mwingine. Mama Emérita alianza kuyageuza huku Shekinah amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amekata tamaa. Alichukua la kwanza. Aliinua, akageuza, akaweka. La pili. Inua, geuza, weka. La tatu.

"Mama," alisema Shekinah. "Fanya tena."

"Nini?"

"Hivyo unafanya. Lakini sema."

"Inua," alisema mama yake, akimtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Geuza. Weka."

"Sasa tembea nalo."

Alitembea nalo. Inua, mguu wa kushoto mbele. Geuza, wa kuume kando. Weka, funga. Kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na miwili ilikuwa valsi muda wote ule, na hakuna aliyemwambia. Alizunguka beseni la maji ya chumvi mara moja, mara mbili, mara ya tatu akiwa amekumbatia jibini la kilo tatu kifuani, na buti zake zikanguruma juu ya mbao. Aliporudi mahali alipoanzia hakucheka. Aliliweka jibini, akavuta pumzi, akalichukua tena.

Tangu siku hiyo, kila mchana baada ya kupeleka maziwa na kabla ya kwenda shambani, alifunga mlango akacheza. Kucheza peke yako kuna ugumu wake: ukikosea hakuna wa kumlaumu. Siku ya kwanza jibini liliponyoka, likatoka mlangoni, likashuka mteremko mpaka kwenye mto, na Umwali akalifuata akipiga kelele kana kwamba ni mtoto. Wiki ya kwanza mkono wa kushoto ulitetemeka. Wiki ya pili uliacha. Alijifunza kukata kona karibu na meko bila kuchoma sketi, na kufumba macho, na kutofumba macho. Alijifunza kwamba kichwa kikiinama, miguu inapotea, kwa hiyo kichwa kiinuke. Hilo lilimchukua siku nyingi kuliko mengine yote. Mtu anayelima maharagwe kwenye mteremko hutazama chini maisha yake yote.

"Unaniona je?" alimwuliza Shekinah.

"Kama chifu anaenda kukagua ng'ombe."

"Ni vizuri ao ni vibaya?"

"Kwa ng'ombe ni vibaya."

Mukasine ndiye aliyeharibu. Hakukusudia. Alikuja kuazima ungo, akasikia buti zinanguruma ndani, akachungulia katika ufa wa mbao. Ufa ulikuwa mwembamba. Aliona kichwa kimeinuliwa, macho yamefumbwa, mikono imezunguka kitu ambacho ufa haukuonyesha, na midomo inasema maneno matatu yaleyale, yaleyale. Alirudi nyumbani bila ungo. Kufikia siku ya soko, Masisi ilikuwa imeambiwa kwamba Emérita anacheza dansi na marehemu mume wake, na kwamba marehemu ameongezeka uzito.

Straton hakuikosa nafasi hiyo. Alhamisi alikuja akiwa na mama watatu wa kikundi cha sala, na huzuni kubwa usoni.

"Tumekuja kuomba kwa ajili yako, dada," alisema mkubwa wao, mama mnene mwenye rozari mkononi. "Wanasema uko na muntu humu ndani."

"Niko na bantu kumi na mbili," alisema Mama Emérita. "Ingieni, nawaonyeshe."

Waliingia, wakayaona majibini kwenye mbao zake. Straton alibaki mlangoni.

"Mimi mwenyewe nilisikia sauti," alisema. "Bakwe wakisikia kama mama ya bibi-arusi anacheza na mufu, arusi itakufa. Afazali siku ile akae nyuma, kimya, apumzike. Mimi nitasimama mahali pake. Sisemi kwa ubaya."

Umwali alikuwa amesimama nje akiyasikia hayo, na mikono yake iliacha kupepeta maharagwe. Hilo la arusi kufa hakuwa amelifikiria.

Mama Emérita hakubishana. Alichukua jibini akampa mama mnene. Akachukua la pili akampa wa pili, na la tatu akampa wa tatu. Walipokea, kwa sababu mtu akikupa jibini unapokea.

"Rozari weka kwa shingo, mama. Leo sijageuza hata moja, na mumekuja saa ya kazi. Tutaomba tukitumika. Inua."

Wakainua.

"Geuza. Weka. Tena. Mguu wa kushoto mbele, mama, usiogope, haitakuuma. Inua, geuza, weka."

Wale mama walikuwa na uzito, magoti mabaya na heshima kubwa katika parokia. Walizunguka beseni la maji ya chumvi mara mbili. Mara ya pili mama mnene alisema, akihema, "Ni hii tu?"

"Ni hii tu."

"Na marehemu?"

"Marehemu alikuwa anacheza vibaya sana, Mungu amupokee. Ningekuwa naye humu angenikanyaga."

Mama mnene alicheka mpaka akaegemea mbao. Straton alikuwa bado mlangoni. Aliwangoja wamalize, kisha akasema kwa upole, "Hata hivyo, viti nimeshapanga na protokole."

Alikuwa amepanga kweli. Siku ya arusi, chini ya turubai la bluu katika uwanja wa shule ya msingi, kulikuwa na viti vya mbele vyenye vitambaa vyeupe na viti vya nyuma vya plastiki. Katika safu ya mbele kulikuwa na karatasi iliyoandikwa PAPA STRATON, FAMILIA YA BIBI-ARUSI. Kiti cha Mama Emérita kilikuwa nyuma yake, na karatasi yake ilisema MUJANE. Hata jina hawakuweka.

Aliisoma. Akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya kiatu, kwa sababu kiatu kilikuwa kimeazimwa na kilikuwa kikubwa. Akakaa.

Wageni wa Pinga walifika saa nane badala ya saa tano, kwa pikipiki kumi na moja, wamejaa matope mpaka kifuani. Penye kizuizi cha barabarani cha Kalembe walikuwa wamekalishwa tangu asubuhi mpaka walipoacha kreti mbili za bia ya arusi. Baba wa Benoît, Papa Nzabandora, alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye suti ya kahawia iliyosafiri ndani ya mfuko wa plastiki. Mke wake alikaa kando yake akiwa ameufumba mdomo; kanisa lake haliruhusu dansi, na alikuwa amekwisha kulisema hilo njiani mara nyingi.

Chakula kikaliwa. Maneno yakasemwa. Namba sita ikapita. Protokole, mwenye kuongoza sherehe, akashika kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, namba saba. Valsi ya wazazi. Upande wa bibi-arusi, Mama Emérita na kavalie wake, Papa Straton."

Straton alikuwa amesimama kabla jina halijaisha. Alikuwa na koti jipya na ua kifuani. Alikuja mpaka safu ya pili, akanyoosha mkono mbele ya watu wote, na akasema kwa sauti ya chini ambayo safu tatu zilisikia: "Simama polepole. Nifuate tu."

Umwali, ndani ya gauni lake jeupe, alimtazama mama yake. Mama akikataa mkono ule, ingekuwa fujo mbele ya bakwe, na yale ya marehemu yangefika Pinga kabla ya jua kuzama. Akiukubali, mteremko ulikuwa umekwenda.

Mama Emérita akaushika.

Walifika katikati. Mpiga kinanda, ambaye hakuwa ameipiga valsi tangu azaliwe, alianza rumba. Straton akaweka mkono wake kiunoni mwa shemeji yake, akajiandaa kumwongoza. Ndipo mama mnene wa kikundi cha sala, kule nyuma, alipopiga makofi matatu. Mama wawili wenzake wakaungana naye. "Inua, geuza, weka," walisema, mwanzoni kwa midomo, kisha kwa sauti, na mpiga kinanda akapapasa hapa na pale mpaka akawapata.

Na Mama Emérita akaenda mbele.

Lazima tueleze jambo hili kwa utulivu. Katika valsi mmoja huenda mbele na mwingine hurudi nyuma. Mama Emérita alifundishwa na mwanaume, yaani na Shekinah, na hatua ya kurudi nyuma hakuwahi kuisikia hata kwa jina. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umebeba kilo tatu kila mchana kwa wiki tatu. Straton alijaribu kwenda mbele, akakuta njia imejaa. Akarudi hatua moja, kwa adabu, kumpa nafasi. Hakuna nafasi iliyopatikana. Inua, geuza, weka: Straton akarudi ya pili, na ya tatu. Uso wake ulikuwa bado unatabasamu kwa ajili ya picha.

"Mama Umwali, unaenda wapi?"

"Mbele."

"Nifuate, nasema."

"Niko nacheza, shemeji. Unanikanyaga."

Alimpeleka hivyo toka katikati ya uwanja, kichwa kimeinuliwa, bila hasira na bila kukosa hesabu hata mara moja, akampitisha mbele ya meza ya zawadi, mbele ya padri, mbele ya chifu wa kijiji aliyekuwa ameacha kutafuna, mpaka visigino vya Straton vilipogonga kiti cha plastiki cha safu ya pili, kilekile cha mjane, naye akakaa. Mama Emérita akauachia mkono wake polepole, kama unavyoliachia jibini ili lisipasuke. Akatoa ile karatasi katika kiatu, akaikunjua, akamwekea juu ya mapaja.

Kisha akageuka, akainua mikono ikiwa imekumbatia hewa tupu, akaurudia uwanja peke yake.

Hakuna aliyecheka. Alizunguka uwanja ule mzima, mama mmoja mwenye viatu vya kuazima, na nafasi iliyokuwa mikononi mwake ilikuwa na umbo kamili, hata mtu angeweza kuipima. Watu wa kilima walianza kupiga makofi ya tatu. Chifu wa kijiji alimwinamia jirani yake akauliza, "Ule mteremko wa maharagwe, ni wake, si vile?" Jirani akasema ni wake. Chifu akarudia kutafuna.

Na hapo, kutoka upande wa Pinga, Papa Nzabandora alisimama. Alifunga kifungo cha koti la kahawia. Alimwinamia mke wake, ambaye alitazama pembeni. Akaingia uwanjani peke yake, naye amekumbatia hewa, hewa nyembamba na ndefu kidogo, na akacheza valsi. Mguu wa kushoto mbele, wa kuume kando. Walipishana mara mbili, na mara ya tatu nusura wagongane, kwa kuwa yeye pia alikuwa anajua kwenda mbele tu. Walisimama uso kwa uso, wakihema.

"Papa Nzabandora," alisema Mama Emérita, "asante kwa hii dansi yenu. Imetutesa."

"Yetu?" Yule mtu mkimya alishangaa. "Mama, si ni yenu? Karatasi ilitoka huku. Nilisema bale ba Masisi wanatupima, acha nijifunze. Wiki tatu niko nacheza mu depo ya duka na bidon ya mafuta ya mawese. Telefone ya Benoît njo ilinifundisha. Bibi yangu, huyu mama ya Benoît, alifikiri kichwa kimeharibika."

"Siye hatukuandika."

"Na siye hatukuandika."

Kinanda kikanyamaza. Mama Emérita aligeuka polepole kumtazama bibi-arusi. "Umwali. Ile karatasi, kutoka kwako mpaka kwa sekretari, ilipita mu mikono ya nani?"

Hapa, wasomaji wapendwa, mwandishi angependa kuwaeleza kidogo kuhusu mandhari ya Masisi, ambayo ni ya kupendeza sana. Vilima ni vya kijani. Ng'ombe huonekana kwa mbali kama

"Shekinah," alisema Mama Emérita.

kama nukta za rangi mbalimbali, na upepo wa mchana huvuma kutoka

"Shekinah. Nakuita."

"Karibu, Mama," niliitika.

Ni mimi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya nguzo ya turubai, na kwa kuwa mimi ni mrefu, kama mlivyoambiwa, nguzo haikunisaidia.

Naungama. Jenereta ya sekretari ilizimika ile siku, nikangoja saa mbili nzima, na nilikuwa nimechoka kuwa mtoto mpole. Nilitaka kuwaona wakubwa wote, Papa Straton kati yao, wanazunguka, basi. Mashine ilipowaka nikamwambia sekretari kuna namba imesahaulika. Nilimsomea kwa kichwa maneno ya programu ya sikukuu yetu ya shule, kama yalivyo: valsi ya wazazi, kila mama na kavalie wake. Nilicheka njia nzima. Na nilipokuwa nyumbani, Umwali aliposoma, na Mama alipoendelea kukamua kile kitambaa kikavu, ndipo nilipoelewa nimeandika nini. Kwa muda ule kwa sekretari, nikisema kila mama, nilikuwa nimesahau kwamba Papa amekufa. Miaka mitatu, na nilisahau kabisa, kama mtu anayesahau ungo. Ningeweza kusema siku ileile. Lakini ningelazimika kuyasema na hayo.

Niliyasema pale, uwanjani, bila kipaza sauti, nikitazama viatu vya kuazima vya mama yangu. Papa Nzabandora aliangalia juu, kwenye turubai. Umwali alikuwa analia na kucheka, na rangi ya macho ilikuwa inamchafua gauni.

Nilingoja kofi, nilikuwa nimeshachagua shavu.

Akanyoosha mkono wake wa kushoto, ule wa kilo tatu.

"Njoo," alisema. "Mimi njo kavalie. Wewe utarudi nyuma."

"Sijue kurudi nyuma, Mama. Sikufundishwa."

"Utajifunza sasa."

Mama wa sala wakapiga makofi matatu. Nikatoa mguu wa kuume, nikautafuta uwanja nyuma yangu bila kuuona, nikarudi, mbele ya Masisi yote na nusu ya Pinga. Alinikanyaga mara nne. Mara mbili za kwanza, nina hakika, hakukosea.